Maisha ya Earle MacPherson, Mhandisi Aliyeyapa Magari Miguu

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya wanasiasa, washairi na mashujaa wa vita. Leo nimeonelea niwaletee mtu wa aina nyingine kabisa. Hakuwahi kuongoza nchi wala kuandika shairi. Hata hivyo kila mmoja wetu anaketi juu ya kazi yake kila anapopanda Probox kutoka Kisii kwenda Keroka, au teksi kutoka Nyamira kwenda Chemosit. Mtu huyo ni Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1960.

Kwa nini yeye? Kwa sababu siku hizi vijana wengi wa Gusii yetu wana hamu moja kubwa: kushusha magari. Gari hukatwa springi hadi linakaa chini kama paka anayevizia panya, na mwenye gari huona amefika. Lakini anayeshusha gari bila kuelewa alichokifanya MacPherson anacheza na roho yake na roho za wengine. Basi nifuateni polepole, tuanzie mwanzo.

KUZALIWA NA MASOMO

Earle MacPherson alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Highland Park, jimbo la Illinois, kando ya Ziwa Michigan, si mbali na Chicago. Mkumbuke kuwa wakati huo hata reli ya Mombasa ilikuwa haijaanza kujengwa. Ilianza mwaka 1896. Gari la petroli lilikuwa kitoto kichanga, maana Karl Benz wa Ujerumani alipata hataza ya gari lake mwaka 1886 tu. Kwa hiyo MacPherson na gari walikua pamoja kama watoto wa boma moja.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Illinois na kuhitimu mwaka 1915. Wenzangu mnaochukia hisabati na fizikia, hapa tegeni sikio. Kila kitu ambacho mtu huyu alikuja kukifanya baadaye kilitokana na pembe, mistari na duara, mambo yale yale ambayo sisi huyanung'unikia darasani na kuuliza yatatusaidia wapi maishani.

DETROIT NA VITA

Baada ya chuo alielekea Detroit. Mji huo ulikuwa unachemka kama chungu cha githeri. Henry Ford alikuwa ameanzisha mtindo wa kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea mwaka 1913, na viwanda vilikuwa vikichipuka kila pembe. MacPherson aliajiriwa na kampuni ya Chalmers, iliyokuwa ikitengeneza magari ya kifahari.

Halafu vita vikaja. Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, na MacPherson akapelekwa Ulaya na jeshi. Kule alifanya kazi ya injini za ndege. Vita hivyo ndivyo vilivyofika hata hapa kwetu, kwani Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii na kupigana na Waingereza. Dunia ni ndogo, au siyo?

Vita vilipokwisha alirudi Detroit, akaingia kampuni ya Liberty, na mwaka 1923 akahamia kampuni iliyotengeneza magari ya Hupmobile. Hapo alikaa zaidi ya miaka 10. Kampuni hizo zote, Chalmers, Liberty na Hupmobile, leo hazipo. Zilikufa moja baada ya nyingine kwa kukosa soko. Jambo hilo lapaswa kutufunza kitu: mtu anaweza kufanya kazi nzuri mahali ambapo hapadumu, lakini ujuzi alioupata haufi na kampuni. Mwaka 1934 MacPherson aliubeba ujuzi wake akaingia General Motors, kampuni kubwa kuliko zote, na baadaye akafanya kazi katika tawi lake la Chevrolet.

TATIZO LA ZAMANI

Kabla ya kuendelea, hebu tuelewe tatizo lililokuwapo. Magari ya zamani yalikuwa na ekseli moja ngumu mbele, kama mkokoteni. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo huyumba kwa sababu yamefungwa kwenye chuma kimoja. Abiria hurushwa na usukani hutetemeka mikononi mwa dereva. Anayetaka kuelewa vizuri na apande lori kuukuu kwenye barabara ya mashambani baada ya mvua ya Aprili.

Katika miaka ya 1930 watengenezaji wa magari walianza kuyapa magurudumu ya mbele uhuru, kila moja na springi yake. Mtindo uliopendwa ulikuwa wa kutumia mikono miwili kila upande, mmoja juu na mwingine chini, na gurudumu kati yao. Ulifanya kazi vizuri sana. Lakini ulikuwa na vipande vingi, ulikula nafasi kubwa karibu na injini, na bei yake haikuwa mchezo. Kwa gari kubwa la tajiri hiyo haikuwa shida. Kwa gari dogo la mtu wa kawaida, ilikuwa shida kubwa.

NDOTO YA GARI DOGO

Mwaka 1945 Vita Kuu ya Pili vilikuwa vinaelekea ukingoni. Wakubwa wa Chevrolet waliogopa kwamba vita vikiisha watu hawatakuwa na pesa, kwa hiyo wakaamua kuunda gari dogo, jepesi, la bei ya chini ya dola 1,000. Gari hilo lilipewa jina la Cadet, na MacPherson akakabidhiwa usukani wa kazi yote.

Hapo ndipo akili yake ilipong'aa. Aliangalia ile mikono miwili akajiuliza: je, wa juu ni wa lazima? Shokomzoba, ambayo mafundi wetu huiita shoki tu, tayari ni bomba refu linalosimama karibu na gurudumu. Mbona bomba hilo lisifanye kazi mbili? Akalifanya nene na imara, akaliunganisha moja kwa moja na kitovu cha gurudumu, akalizungushia springi, na ncha yake ya juu akaifunga kwenye bodi ya gari. Chini akaacha mkono mmoja tu. Kwa hivyo shoki ikawa shoki na nguzo kwa wakati mmoja. Mbele ya gari, nguzo yote huzunguka dereva anapokata kona. Nguzo hiyo ndiyo inayoitwa strati ya MacPherson hadi leo.

Haki yasema tusimpe sifa zote peke yake. Katika miaka ya 1920 Guido Fornaca wa kampuni ya Fiat huko Italia alikuwa amebuni kitu kinachofanana na hicho. Lakini MacPherson ndiye aliyeleta umbo rahisi linaloweza kutengenezwa kwa maelfu na kufungwa kwenye gari la bei nafuu. Ombi la hataza kwa niaba ya General Motors liliwasilishwa mwaka 1947.

Magari ya majaribio ya Cadet yalijengwa, na yote manne, yaani magurudumu ya mbele na ya nyuma, yalikuwa na uhuru wake. Jameni, lakini duniani hakukosi pigo! Vita vilipokwisha, watu hawakukosa pesa kama ilivyodhaniwa. Walikuwa na njaa ya magari hata wakanunua chochote kilichotoka kiwandani, tena kwa bei ya juu. Wakubwa wakaona hakuna haja ya gari dogo lenye faida ndogo. Mwaka 1947 Cadet ikafutwa. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyewahi kuinunua.

Fikirieni, wenzangu. Mtu ana umri wa miaka 55. Amefanya kazi kwa zaidi ya miaka 30, nusu yake katika kampuni zilizokufa au zilizokuwa zikififia. Anapata kazi moja ya kuitwa yake, anaifanya kwa moyo wote, kisha inatupwa kabatini. Wengi wetu tungekaa chini tukangoja pensheni. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

FORD YAFUNGUA MLANGO

Mwaka huohuo wa 1947 MacPherson aliihama General Motors akajiunga na washindani wao, kampuni ya Ford. Ford wakati ule ilikuwa ikijijenga upya na ilihitaji wahandisi wenye uzoefu. Mwaka 1949 alitoa ombi jingine la hataza, sasa kwa niaba ya Ford, na hataza zote mbili zikatolewa mwaka 1953.

Lakini ni gari gani litakalobeba strati hizo? Magari ya Ford ya Marekani yalikuwa makubwa na mazito. Jibu lilitoka ng'ambo. Mwaka 1950, katika maonyesho ya magari mjini London, Ford ya Uingereza ilionyesha magari mawili mapya, Consul na Zephyr, ambayo mbele yalisimama juu ya strati za MacPherson. Mauzo yakaanza mwaka 1951. Magari hayo hayakuwa na chesisi ya chuma kando. Bodi yenyewe ndiyo iliyokuwa mifupa. Hiyo ilifaana na strati kama kinu na mchi, maana strati husukuma sehemu ya juu, karibu na boneti, na bodi ya namna hiyo huweza kuigawanya nguvu ile.

Mwaka 1952 MacPherson alipandishwa cheo akawa makamu wa rais wa Ford anayesimamia uhandisi. Ndiyo, yule wa gari lililotupwa! Chini ya uongozi wake magari ya Ford ya Marekani yalianza pia kutumia boljointi mbele badala ya pini nene za zamani zilizohitaji grisi mara kwa mara. Alistaafu mwaka 1958. Mwaka 1960, Januari, alifariki akiwa na umri wa miaka 68.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika nchi yake mwenyewe hakuyaona matunda. Magari ya Marekani yalianza kutumia strati kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 na watu kuanza kutafuta magari madogo. Nabii hakosi heshima ila kwao.

KAZI YAKE YAFIKA KWETU

Afrika Mashariki haikungoja miaka ya 1970. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda wakiwa ndani ya Ford Zephyr, lile gari la strati. Mwaka 1964 Ford Cortina ikashinda, mwaka 1971 na 1973 Datsun 240Z, mwaka 1972 Ford Escort. Na jirani yetu Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, hapo tu ng'ambo ya mashamba ya chai ya Nyamira, alishinda mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Magari hayo yote yalikuwa na strati za MacPherson mbele. Mhandisi mwenyewe alikuwa amekwisha kulala kaburini, lakini miguu yake ilikuwa ikikimbia katika tope letu.

Wazee wetu nao watakumbuka Peugeot 404 na 504, zilizobeba abiria, ndizi na kuku kwa miaka mingi kwenye barabara za Kenya. Mbele zilikuwa na strati. Leo ni Toyota Corolla, Probox, Subaru Impreza na nyinginezo chungu nzima. Simama pale mjini Kisii uhesabu magari madogo kumi yanayopita. Fungua boneti zake, utaona vichwa viwili vya mviringo pembeni, kila kimoja na nati zake. Hivyo ndivyo vichwa vya strati.

HESABU ZA MACPHERSON NA VIJANA WA KUSHUSHA MAGARI

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Uzuri wa strati ni urahisi wake. Lakini urahisi huo una masharti. Kwa kuwa mkono ni mmoja tu, mahali mkono huo ulipo ndipo penye siri yote. Gari likiwa katika kimo kilichopangwa na kiwanda, mkono wa chini hulala karibu sawasawa na ardhi, au huinamia chini kidogo upande wa gurudumu. Ukishusha gari, mkono huo hugeuka ukaelekea juu. Kijana anaona gari limependeza. Haoni kwamba hesabu imeharibika.

Tuchukue kalamu. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 35 na umelala sawasawa. Gurudumu likipanda sentimita 5, ncha ya mkono huchora duara na kuvutwa ndani. Tumia kanuni ya Pithagora: 35 mara 35 ni 1,225, toa 25, inabaki 1,200, kipeuo chake cha pili ni karibu 34.64. Kwa hiyo ncha imeingia ndani milimita 4 hivi. Si kitu. Sasa chukua gari lililoshushwa sentimita 5. Mkono wake uko juu tayari. Gurudumu likipanda sentimita 5 nyingine, 1,225 toa 100 ni 1,125, na kipeuo chake ni karibu 33.54. Ncha imevutwa ndani milimita 11. Shimo ni lilelile, tairi ni lilelile, lakini sasa mvuto ni mara tatu!

Maana yake ni nini? Sehemu ya chini ya gurudumu inavutwa ndani ilhali ya juu imeshikwa na strati. Gurudumu linalala kwa nje. Na hilo hutokea lini? Katika kona, kwa sababu gurudumu la nje ndilo linalobebeshwa mzigo. Pale ambapo tairi lingepaswa kukanyaga barabara kwa uso wake wote, linasimama juu ya bega lake. Ule mteremko wenye kona nyingi hautakungoja uelewe.

Kuna jambo la pili ambalo huwashangaza wengi. Kila gari lina nukta fulani ambayo bodi huizunguka linapolala kwenye kona. Katika gari la strati, ukishusha bodi sentimita 5, nukta hiyo hushuka zaidi ya sentimita 5. Kwa hiyo umbali kati ya nukta hiyo na uzito wa gari huongezeka, na uzito hupata wenzo mrefu zaidi wa kulilaza gari. Ndiyo maana gari lililoshushwa kwa springi laini huweza kulala kwenye kona zaidi ya lile lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani. Kumbe linaonekana la mashindano, lakini ni sura tu.

La tatu ni tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu unapogeuza usukani. Tairodi nayo huchora duara lake gurudumu linapopanda na kushuka. Kiwanda huhakikisha duara hilo linalingana na la mkono wa chini. Yakikosana, gurudumu hujigeuza lenyewe kila likikanyaga tuta, bila dereva kugusa usukani. Tuna matuta mangapi kati ya Kisii na Keroka? Kila moja ni mtihani.

Juu ya hayo kuna suala la springi zenyewe. Wengine huzikata kwa msumeno au kuzichoma kwa moto wa gesi. Chuma cha springi kikichomwa hupoteza ugumu wake. Springi iliyokatwa huwa fupi hivi kwamba gari likiruka, springi hulegea na kutoka mahali pake. Na shoki, ambayo haikufupishwa, hubaki na nafasi ndogo ya kushuka. Hugonga mpira wa ndani kila shimo, na baada ya muda huvuja mafuta na kufa.

JE, KUSHUSHA NI DHAMBI?

La hasha! Sisemi hivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka gari la chini sharti ainame pia, chini ya gari, akiwa na rula na subira. Kazi ina utaratibu wake.

Kwanza kabisa, kagua boljointi, bushi za mikono, ncha za tairodi na vichwa vya strati. Kikilegea kimoja, vipimo vyote vitakavyofuata ni vya bure. Jaza upepo wa kutosha kwenye matairi. Kisha tumia springi fupi zilizotengenezwa kuwa fupi, pamoja na shoki zinazolingana nazo, na usishuke sana. Kwa barabara zetu, sentimita 2 au 3 zinatosha. Baada ya hapo rudisha mkono wa chini katika mlalo wake, kwa kuweka kipande cha chuma maalumu chini ya strati au boljointi yenye shingo ndefu. Lakini kumbuka, ukishusha boljointi, ncha ya tairodi nayo lazima ishushwe kwa kiasi kilekile, ama sivyo utakuwa umetibu jicho ukapofua sikio.

Mwisho ndipo hufuata alaimenti, tena kwenye mashine, si kwa kamba na makadirio. Huko hupimwa pembe tatu. Kasta ni jinsi strati inavyoegemea nyuma ukilitazama gari kutoka ubavuni, kama uma wa mbele wa baiskeli. Ndiyo inayorudisha usukani katikati. Ukishusha mbele peke yake na kuacha nyuma juu, kasta hupungua na gari hutangatanga kwenye barabara iliyonyooka. Kemba ni jinsi gurudumu linavyoinamia ndani au nje ukilitazama kutoka mbele, kama mtu mwenye matege. Ya tatu ni mwelekeo wa vidole, yaani magurudumu yanaelekeana ndani au yanatazamana kando. Hii ya tatu ndiyo inayomaliza matairi haraka kuliko zote. Kwenye tairi la kipenyo cha sentimita 60, kosa la nyuzi 1 tu ni kama milimita 10. Maana yake tairi linaburutwa kando kila mita ya safari, na mwenye gari anashangaa kwa nini mpira umeisha kabla ya Krismasi.

Vidole hurekebishwa mwisho kwa sababu ukigusa kemba, vidole navyo hubadilika. Anayeanza na vidole atarudia kazi. Haraka haraka haina baraka.

Tukiangalia sana, MacPherson mwenyewe aliifuata njia hii. Hakuondoa mkono wa juu kwa sababu ya urembo. Aliuondoa baada ya kuhakikisha kwamba kazi yake imechukuliwa na kitu kingine. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mhandisi na mharibifu: wote wawili huondoa kitu, lakini mmoja huuliza kwanza kilikuwa kikifanya kazi gani.

TUJIFUNZE NINI?

Wenzangu, wengi wetu tutamaliza shule na wengine tutaingia jua kali. Hakuna aibu hapo. Magari yetu yanahitaji mafundi, na abiria wa Gusii, ambao ni mama zetu na ndugu zetu, wanayaweka maisha yao mikononi mwa fundi wasiyemjua hata jina. Fundi akikata springi bila kujua anachofanya, si tairi peke yake linaloumia. Kona moja mbaya wakati wa mvua, gari zima la abiria liko bondeni. Kwa hiyo yule mwanafunzi anayekaa nyuma ya darasa akisema Pithagora hamhusu kwa sababu yeye atakuwa makanika, na ajue kwamba Pithagora anamhusu kuliko sisi sote.

Jambo la pili ni subira. MacPherson alihitimu mwaka 1915 na wazo lililompa jina likaja baada ya miaka 30. Likatupwa. Akalibeba hadi mahali pengine. Likakubaliwa ng'ambo kabla ya kukubaliwa nyumbani. Alikufa kabla ya kujua kwamba karibu kila gari dogo duniani lingesimama juu yake. Mstahimilivu hula mbivu, ingawa mara nyingine wanaokula ni wajukuu.

Jambo la tatu ni kwamba umashuhuri hauko kwenye kelele peke yake. Wanaojua sura ya Earle MacPherson ni wachache sana. Lakini jioni ya leo, gari litakalopanda mlima kutoka mjini Kisii likiwa limejaa watu na mizigo, likaingia shimoni na kutoka salama, litakuwa limeinuliwa na akili ya mtoto wa Highland Park aliyependa pembe na duara.

Mungu ailaze roho yake mahali pema. Nasi tuliobaki, tusome, tupime, ndipo tukate.